8K kwenye TV ya inchi 32: tunahakiki kasha la TV box

Ukipita kwenye maduka ya simu na vifaa vya umeme ya Nyasho, hapa Musoma, utalikuta bila hata kulitafuta. Liko katikati ya chaja na spika za bluetooth: kasha jeusi linaloenea kiganjani, na juu yake kwa herufi za dhahabu, 8K ULTRA HD. Chini yake wameandika Android 13, halafu 8GB + 128GB, halafu 5G, halafu HDR. Muuzaji atakwambia ukilichomeka tu, TV yako ya kawaida inakuwa "smart". Na bei mara nyingi haifiki laki moja. Nani atakataa?

Swali la "ninunue boksi gani?" tunaulizwa sana, na kwa kawaida muulizaji anataka jina moja tu aende nalo dukani. Leo tutafanya tofauti. Tutalihakiki kasha lenyewe, yaani maandishi yake, kama mwanafunzi wa fasihi anavyouhakiki ubeti: neno hili linadai nini, na limewekwa hapo kuficha nini. Msimamo wetu tuuseme mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi: kwa vifaa vya aina hii, namba kubwa kwa bei ndogo siyo ofa, ni onyo. Boksi linalosema kweli huwa lina namba ndogo za kuchekesha.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe ni nini. Usilichanganye na king'amuzi. King'amuzi, ambacho kiliingia majumbani kwa kasi baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kinapokea matangazo kutoka kwenye antena au dishi. TV box haina antena ya matangazo. Ni kama simu janja iliyonyimwa kioo na betri: ina prosesa, kumbukumbu, Wi-Fi na tundu la HDMI. Kazi yake ni kuchukua video mahali fulani (intaneti, flashi, au kompyuta nyingine iliyomo ndani ya nyumba), kuifungua, na kuisukuma kwenye TV. Ndiyo hiyo tu.

Tuanze na neno la dhahabu: 8K

Picha ya 8K ina pikseli 7,680 kwa 4,320, jumla karibu milioni 33. TV ya inchi 32 iliyo kwenye sebule nyingi za mtaani ina pikseli 1,366 kwa 768, yaani milioni moja na kidogo. Sasa hebu fikiria: kasha linakuahidi nukta 32 kwa kila nukta moja ambayo TV yako inayo. Ni sawa na kumpelekea mtu lori la mchanga wakati ana ndoo moja. Zinazozidi zinatupwa.

Utasema, "Nitanunua TV kubwa baadaye." Sawa, lakini kuna kikomo kingine ambacho hakinunuliki, nacho ni jicho lako. Jicho lenye afya linaweza kutenganisha nukta mbili ikiwa zimeachana kwa pembe ya takriban dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 hivi. Gawa kwa 1,366, kila pikseli inapata nusu milimita. Kwa hesabu ya pembe hiyo, ukikaa umbali wa mita 1.8 au zaidi, jicho lako haliwezi tena kuziona pikseli moja moja hata kwenye TV hiyo ya kawaida. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina mita tatu. Toa unene wa kochi na meza ya TV, umebaki na mita mbili na ushee. Umeshavuka mpaka.

Kioo hichohicho kingekuwa cha 8K kweli, pikseli ingekuwa na upana wa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na ili uifaidi ungelazimika kukaa sentimita 32 kutoka kwenye TV. Huko siyo kutazama muvi, huko ni kuinusa.

Halafu hata boksi lenyewe haliwezi. Chipu zinazokutwa sana ndani ya maboksi ya bei hii, kama Allwinner H616 na Rockchip RK3318, zinatoa picha isiyozidi 4K kwenye HDMI. Kwa hiyo neno kubwa kuliko yote kwenye kasha linaahidi kitu ambacho boksi haliwezi kukitoa, TV haiwezi kukipokea, na jicho haliwezi kukiona. Uongo wa ghorofa tatu.

8GB + 128GB, na kwa nini mkweli anaandika 2 na 8

Hapa ndipo tunapopapenda. Chukua boksi lenye leseni kamili, mfano Xiaomi TV Box S kizazi cha pili, lililotoka 2023. Kumbukumbu ya kufanyia kazi: GB 2. Hifadhi: GB 8. Chromecast ya Google ya mwaka 2020, ile ya 4K, ni hivyohivyo, 2 na 8. Hata Google TV Streamer ya 2024, ambayo bei yake ni ya juu zaidi, ina 4 na 32. Sasa boksi lisilo na jina, linalouzwa kwa sehemu ya bei hizo, lina 8 na 128? Chipu za kumbukumbu zinauzwa kwenye soko moja la dunia. Hakuna mtu anayegawa bure.

Inawezekanaje basi ukifungua mipangilio ukute kweli imeandikwa 8GB na Android 13? Ni rahisi kuliko unavyodhani. Mfumo wa Android unasoma maelezo mengi yake kutoka kwenye faili la maandishi ya kawaida, na anayetengeneza programu ya kiwandani ana uwezo wa kulihariri atakavyo. Anaandika 13, wewe unasoma 13. Kampuni ya usalama ya Dr.Web ya Urusi, ilipotoa ripoti yake Septemba 2024 kuhusu kirusi kilichoitwa Vo1d, ilieleza kwamba watengenezaji wa vifaa vya bei rahisi mara nyingi hutumia matoleo ya zamani ya mfumo na kuyapitisha kama mapya. Kirusi hicho kilikuwa kimeingia kwenye maboksi karibu milioni 1.3 katika nchi 197, na udhaifu wa mifumo mizee ulitajwa kama mojawapo ya milango inayowezekana.

Kwa hifadhi, kuna jaribio ambalo halihitaji elimu yoyote: jaza. Chukua flashi yenye muvi za GB 20, zihamishe zote ndani ya boksi, kisha cheza ya kwanza na ya mwisho. Boksi la kweli la GB 128 halitatikisika. La uongo mara nyingi litagoma katikati, au litakubali halafu muvi ya kwanza ikatae kufunguka.

Kuhusu 5G, tulimalize haraka. Siyo 5G ya mitandao ya simu. Boksi halina hata mahali pa laini. Wanamaanisha Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 5, ambayo ina kasi kuliko ile ya gigahezi 2.4 lakini inachoka mapema ikikutana na ukuta wa tofali. Kama ruta iko chumba cha pili, mara nyingi ile ya 2.4 ndiyo itakayokufaa.

Neno lililokosekana

Uhakiki mzuri hauangalii tu kilichoandikwa. Angalia tena kasha: wameandika "Android 13". Hawakuandika "Android TV", wala "Google TV". Unaweza kudhani ni kitu kilekile. Sivyo.

Android ya msingi ni programu huria, yeyote anaweza kuichukua bure na kuipakia kwenye kifaa chake bila kumwomba mtu. Android TV ni toleo lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni, na ili mtengenezaji aweke huduma za Google juu yake kihalali, kifaa lazima kipimwe na kupata idhini. Boksi lisilo na idhini mara nyingi ni mfumo wa tableti uliovutwa ukajaa kwenye kioo kikubwa. Utalijua: rimoti inahitaji kugeuka kuwa "mouse" ndiyo ubonyeze vitu.

Hili si suala la urembo. Kampuni zinazouza filamu mtandaoni zinafunga video zao kwa kufuli la kidijitali, na kufuli linalotumika sana upande wa Android linaitwa Widevine. Lina ngazi. Ngazi ya juu, L1, inataka ufunguo uhifadhiwe ndani ya chipu kwa njia iliyothibitishwa; ngazi ya chini, L3, inategemea programu tu. Boksi lisiloidhinishwa kwa kawaida linaishia L3, na Netflix ikikutana na L3 inakupa picha ya ubora wa chini, ule wa enzi za DVD. Kwa hiyo umenunua "8K", umelipia Netflix, na unatazama kitu kinachofanana na CD ya mwaka 2005. YouTube itacheza vizuri tu, ndiyo maana muuzaji akilijaribu mbele yako anakufungulia YouTube.

Kinachostahili herufi kubwa ni kodeki

Kama kasha lingeandikwa na mtu anayekujali, sehemu ya dhahabu ingekuwa na orodha ya kodeki. Kodeki ni kanuni ya kukunja video ili ipite kwenye nafasi ndogo, na kuikunjua wakati wa kutazama. H.264, iliyotoka 2003, inafunguliwa na karibu kila kifaa. H.265, ya 2013, inakunja picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya nafasi, na ndiyo maana muvi nyingi unazowekewa kwenye flashi siku hizi ziko humo. AV1, ya 2018, inakunja zaidi, haina ada ya leseni, na YouTube na Netflix wanaihamia.

Kukunjua ni kazi nzito. Chipu yenye saketi maalumu ya kodeki hiyo inaifanya bila hata kupata joto. Isiyo nayo inamtwisha prosesa mzigo wote: picha inakatakata, boksi linachemka, sauti inatangulia midomo. H616 na RK3318 tulizozitaja zinafungua H.265 lakini hazina saketi ya AV1. Amlogic S905X4, iliyomo kwenye lile boksi la Xiaomi lenye GB 2 na 8 za aibu, inayo.

Kwako wewe mwenye bando, hii ni pesa taslimu. Netflix inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawa kwa 8: ni GB 2.25 kwa saa. Filamu ya saa mbili, GB 4.5. Kwa 4K wanapendekeza megabiti 15, na filamu hiyohiyo inameza GB 13.5. Ukiwa unatumia hotspoti ya simu, nenda kwenye mipangilio ya YouTube uishushe hadi 720p. Kwenye inchi 32, kwa umbali wa kochi lako, tumeshaona hutapoteza kitu.

Anayekula bando ukiwa umelala

Mpaka hapa tumezungumzia kupunjwa. Kupunjwa kunauma, lakini unazoea. Sasa tuje kwenye sehemu iliyotufanya tuandike.

Januari 2023, mtaalamu mmoja aitwaye Daniel Milisic alieleza hadharani yaliyomkuta na boksi la T95 lenye chipu ya Allwinner H616, alilonunua Amazon. Alitaka kulitumia kuzuia matangazo kwenye mtandao wa nyumbani kwake, kazi inayomwezesha mtu kuona kila anwani ambayo vifaa vyake vinaitafuta. Akaliona boksi lenyewe likipiga hodi kwenye anwani zinazojulikana kwa programu hasidi. Hakuwa amepakua chochote kibaya. Lilikuja hivyo likiwa jipya kwenye kasha.

Oktoba mwaka huo kampuni ya HUMAN Security ikatoa ripoti kuhusu mtandao iliouita BADBOX. Mlango wa nyuma ulikuwa umepandikizwa kwenye programu ya kiwandani kabla kifaa hakijamfikia mnunuzi. Walitaja maboksi saba waliyothibitisha: T95, T95Z, T95MAX, X88, Q9, X12PLUS na MXQ Pro 5G. Kama unafahamu maduka yetu, baadhi ya majina hayo si mageni kwako. Tahadhari hapa: jina kama MXQ si kampuni moja. Viwanda mbalimbali vinachapa jina hilohilo kwenye makasha, kwa hiyo moja linaweza kuwa safi na la pembeni yake likawa bovu, na wewe huna namna ya kutofautisha kwa macho.

Machi 2025 HUMAN walirudi na ripoti ya BADBOX 2.0, vifaa zaidi ya milioni moja. Juni mwaka huo FBI ya Marekani ikatoa tahadhari kwa umma. Julai Google wakafungua kesi New York dhidi ya watu wasiojulikana kwa majina, na wakasema vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni 10. Vyote ni vya ile Android huria isiyo na idhini.

Vinafanya nini hasa? Vingine vinabonyeza matangazo kwa siri ili mtu apate fedha za matangazo. Lakini kazi inayotuhusu zaidi ni ya uproksi. Mtu aliye mbali analipa ili shughuli zake za mtandaoni zitokee kwenye nyumba ya mtu wa kawaida, maana tovuti nyingi zinawaamini watu wa majumbani kuliko seva. Boksi lako linakuwa mlango wake. Akitaka kufungua akaunti mia za uongo, au kujaribu nywila za watu, anayeonekana upande wa pili ni wewe uliyekaa Nyasho. Na anayelipia data ni wewe. Piga hesabu ndogo: mtu akipitisha kilobiti 100 tu kwa sekunde, kasi ambayo huwezi hata kuihisi, kwa siku nzima ni GB 1.08. Wenzetu wa Ulaya wenye intaneti isiyo na kikomo hawaoni tofauti. Wewe unayenunua bando la wiki unaishia kumlaumu mtoto kwamba ameshinda TikTok.

Tuondoe na hofu ambayo haina msingi, maana tumeisikia. Boksi kukaa kwenye Wi-Fi moja na simu yako hakulifanyi lisome namba ya siri ya M-Pesa. Menyu ile ya nyota na reli inapita kwenye mtandao wa simu, haipiti kwenye Wi-Fi kabisa, na programu za kifedha husimba mawasiliano yake. Kilicho hatarini ni kile unachoingiza kwenye boksi lenyewe. Ukifungua humo akaunti ya Google uliyonayo kwenye simu, yenye barua pepe, picha na nywila ulizohifadhi, umemkabidhi funguo mtu usiyemjua.

Na usidhani ukirudisha mipangilio ya kiwandani umepona. Kitendo hicho kinafuta vya kwako na kuirejesha hali ya kiwandani. Kirusi ni sehemu ya hali ya kiwandani.

Mwaka 2016 tulizima simu

Wengi mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki nchi nzima. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba ya IMEI, na mtandao unaiona namba hiyo kila simu inapojiunga. Simu isiyo halali ikakataliwa mlangoni. TV box haina laini, kwa hiyo haina IMEI. Inajificha nyuma ya ruta au hotspoti yako, na kwa mtoa huduma inaonekana kama data zako nyingine tu. Mshale ule hauifikii.

Ndiyo maana tunadhani ni kosa kumsukumia mnunuzi mzigo wote. TCRA ina utaratibu wa kuidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano, na kifaa chenye Wi-Fi ni kifaa cha mawasiliano. Tume ya Ushindani inashughulika na bidhaa bandia na maelezo ya kupotosha wateja, na sisi hatujui maelezo ya kupotosha kuliko 8K hii. Kasha linaweza kukamatwa kwa kile kilichoandikwa juu yake, bila hata kulifungua na kutafuta kirusi. Kodi ya forodha imelipwa, stika imebandikwa, likapanda basi hadi Musoma. Njiani humo kote hakuna aliyelisoma?

Muuzaji wa Nyasho naye tusimvalishe joho la uhalifu. Alinunua jumla akaambiwa ni 8K, anauza akisema ni 8K.

Sasa ununue nini

Inategemea unatazama nini, na hapa tuwe wakweli kuhusu maisha yetu. Kama nyumbani hakuna intaneti ya kudumu na muvi zako zinatoka kwa kijana wa "library" anayekujazia flashi, zikiwemo zile zilizotafsiriwa na ma-DJ, pengine huhitaji boksi lolote. TV nyingi za bapa zina tundu la USB. Ijaribu kwanza na muvi ya H.265; ikifunguka, hela yako ibaki mfukoni.

Kama una intaneti, au unajipanga kuipata, tafuta lenye idhini hata kama itabidi usubiri miezi miwili au uagize Mwanza. Bei yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya lile jeusi, hatujifanyi hatulioni hilo. Kwa anayepanga chumba ni pesa nyingi. Lakini lile la bei nafuu linaendelea kukudai kila siku kupitia bando. Dukani, omba liwashwe na liunganishwe na intaneti. Fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu programu, utafute mstari wa Play Protect. Kama kifaa kimeidhinishwa kitasema hivyo. Mwanzo wa skrini pia uangalie: unatembea kwa mishale ya rimoti bila kuhitaji "mouse"? Na usipumbazwe na boksi lililokuja likiwa na programu za mpira wa bure tayari. Ligi Kuu ya Uingereza hailetwi bure na mtu asiyejulikana kwa sababu anakupenda.

Kuna kundi moja ambalo soko limelitelekeza: wenye TV za chogo. Maboksi mengi yenye idhini yana HDMI peke yake, wakati yale ya bei nafuu mara nyingi yana tundu la AV, la nyaya nyekundu, nyeupe na njano. Hivyo mwenye TV ya zamani anasukumwa moja kwa moja kwenye mikono ya MXQ. Kuna kigeuzi cha HDMI kwenda AV, kidogo na si ghali, kinachookoa hali hiyo, ila hakikisha kinapata umeme wake.

Umeshalinunua tayari? Usilitupe. Litoe kwenye Wi-Fi, futa nywila ya mtandao uliyoliwekea, toa akaunti zako, kisha badilisha nywila ya Google ukiwa kwenye simu. Lisipofika kwenye intaneti halina wa kumtumikia, na kama kichezeshi cha flashi bado lina maisha. Hapo VLC na Kodi zinafanya kazi nzuri bila mtandao. Zihamishe kwa flashi kutoka kwenye kompyuta unayoiamini.

Mambo mawili ya mwisho ya kiufundi, maana yanaletwa kwetu kama "boksi bovu" kumbe si boksi. Usilipe umeme kutoka kwenye tundu la USB la TV. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatakiwa kutoa nusu ampea tu, wati 2.5, na boksi likizidiwa linajizima na kujiwasha katikati ya muvi. Tumia chaja yake. Na flashi nyingi zinakuja zikiwa zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja linalozidi GB 4, hata kama flashi ina nafasi ya GB 64. Filamu yako ya 1080p ya saa mbili inagota hapo. Mwambie kijana wa library aifomati exFAT, kisha uijaribu na filamu moja kwanza, kwa sababu TV nyingi za zamani haziisomi.